Sanduku la Bati: Masalia ya Kungfu na Ninja Singida

Watu wa pwani ni wakusanyaji wa siku nyingi. Nguzo za makaburi ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, zilipachikwa sahani za Kichina. Katika magofu ya Gedi, karibu na Malindi, wachimbuzi wa mambo ya kale wameokota vigae vya kaure ya zama za Ming. Aliyeipachika sahani juu ya kaburi hakuwa na haja ya kulijua jina la mfinyanzi wala mji ulikotoka udongo wake. Alijua kuwa imevuka bahari, kuwa ni nzuri, na kuwa anayemzika anastahiki kitu kilichotoka mbali.

Baada ya karne kadhaa shehena nyengine iliteremka katika bandari hizi hizi kutoka upande ule ule wa dunia. Safari hii haikuwa kaure bali mikebe ya filamu, na ndani yake vijana wa Hong Kong waliopaa hewani kwa mateke na kupigana watu kumi kwa mikono mitupu. Shehena hiyo haikukaa pwani. Ilipanda treni na malori ikaingia bara hadi Singida, na huko ikaacha masalia ambayo hayakupachikwa katika ukuta wowote. Yaliyobakia yamo katika masanduku ya bati chini ya vitanda: kanda za video zilizofifia maandishi, picha za kalenda zilizokatika mikunjoni, riwaya zilizopoteza majalada, fulana za mitumba zilizovaliwa na ndugu watatu kwa zamu. Mwenye sanduku aghalabu hajiiti mkusanyaji. Atasema ni vitu vya zamani tu, kisha akatae kuvitoa.

Kwengineko duniani vitu vya namna hii vina soko na mnada. Suti ya manjano yenye mstari mweusi, aliyoivaa Bruce Lee katika filamu ya Game of Death, iliuzwa Hong Kong mwezi Disemba 2013 kwa dola 780,000 za huko, yaani kiasi cha dola 100,000 za Marekani. Wapo Wamarekani wanaotafuta nyota za kurusha za miaka ya 1980, zile zilizokuwa zikitangazwa katika majarida na kuletwa kwa posta, na wapo Waingereza wanaozithamini zaidi kwa kuwa nchi yao ilizipiga marufuku mwaka 1988. Waingereza hao hao, vile vikaragosi vya kobe vilivyobuniwa Marekani mwaka 1984 vilipowafikia katika televisheni, waliliondoa neno ninja katika jina na kuweka neno shujaa, kwa kuhofia kuwa litawaharibu watoto. Nchini Ghana mabango ya sinema yaliyochorwa kwa mkono juu ya magunia ya unga, kwa ajili ya maonyesho ya video ya kuhamahama, yalinunuliwa na wageni hadi yakatungiwa kitabu kikubwa cha picha mwaka 2000. Bango la aina hiyo leo hutundikwa katika nyumba za maonyesho ya sanaa za Ulaya na Marekani.

Tanzania haikupata bahati hiyo, au balaa hiyo. Haikuwa na magunia yaliyochorwa kwa wingi kiasi cha kumvutia mnunuzi wa ng'ambo. Ilichokuwa nacho kilitumika mpaka kikaisha.

Ili kufahamu yaliyotokea Singida lazima mtu aanzie mjini, penye majumba ya sinema. Unguja ilikuwa na Majestic, Empire na ile Sultana ambayo baada ya Mapinduzi iliitwa Cine Afrique. Dar es Salaam ilikuwa na Empress, Avalon, Odeon, Cameo na mengineyo. Filamu za Kihindi ndizo zilizotawala, na nyimbo zake ziliimbwa na watu wasiojua neno hata moja la lugha ile. Mwaka 1968 serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania, na baadaye ikaipa dhamana ya kuingiza na kusambaza filamu. Mwaka 1971 majengo mengi ya watu binafsi, yakiwemo ya sinema, yakataifishwa. Ni katika miaka hiyo ya Azimio na mistari ya kungojea bidhaa ambapo Bruce Lee aliwasili. Filamu zake tatu za kwanza za kungfu za Hong Kong zilitoka mwaka 1971 na 1972. Alifariki tarehe 20 Julai 1973, akiwa na umri wa miaka 32, na Enter the Dragon ikatoka mwaka huo huo akiwa tayari kaburini. Watazamaji wengi wa Afrika Mashariki, kwa hivyo, walimpenda maiti. Huenda hii ni sehemu ya nguvu yake: hakuzeeka wala hakucheza filamu mbaya ya uzeeni.

Sababu nyengine haihitaji kuchimbwa sana. Katika Fist of Fury kuna bustani ya Shanghai yenye bango linalowakataza mbwa na Wachina kuingia, na kijana yule analivunja kwa teke. Mtu mzima wa Dar es Salaam au wa Unguja aliyekuwa amekaa katika kiti cha sinema mwaka 1975 alikuwa anazikumbuka klabu na hoteli ambazo baba yake aliingia kwa mlango wa jikoni. Hakuhitaji tafsiri. Kampuni za Marekani zilikuwa zikileta mashujaa wenye bunduki na farasi. Huyu alikuwa mwembamba, hana silaha, rangi yake si ya mtawala, na anashinda.

Kuna kinyume kimoja ambacho wanahistoria wa uhusiano wa Tanzania na China hukipita mbio. Katika miaka ile ile Beijing ilikuwa inajenga reli ya TAZARA, iliyoanza mwaka 1970 na kufika Kapiri Mposhi mwaka 1975, na sehemu ya gharama zake za ndani ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina katika maduka ya Tanzania. Chupa za chai, mabakuli ya enameli, baiskeli na viatu vya turubai vyeusi vilienea mpaka kwenye maduka ya vijijini. Basi China ya serikali ilileta bakuli na reli, na Hong Kong, iliyokuwa koloni la Mwingereza, ikaleta ndoto. China yenyewe ilikuwa haiwaonyeshi raia wake filamu za Bruce Lee. Kijana wa bara aliyevaa kiatu cha turubai cha Kichina ili apige teke kama Bruce Lee alikuwa ameziunganisha China mbili zisizosemezana.

Sasa Singida. Ni mkoa wa uwanda mkavu katikati ya nchi, wenye mawe makubwa ya kijivu yaliyobebana na maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai yanayoshika mji pande mbili. Reli ya Kati inaukata kusini, Manyoni na Itigi, ikielekea Tabora na Kigoma. Wanyaturu na Wanyiramba ni wakulima na wafugaji. Alizeti, vitunguu na kuku ndivyo vinavyoutangaza mkoa masokoni. Jambo la kuangaliwa na mwanahistoria wa vitu hivi ni njia. Mji wa Singida ni njia panda: magari ya Dodoma, ya Arusha na ya Mwanza hukutana hapo, na utingo wa lori ni mpokezi na msambazaji wa khabari kuliko gazeti. Kabla ya filamu kufika, zilifika simulizi za filamu. Aliyeiona Dar es Salaam aliisimulia Manyoni, na msikilizaji wake akaisimulia tena kisimani, akiongeza teke moja na maadui wawili.

Simulizi hiyo ya mdomo haipo katika sanduku lolote, nayo ndiyo iliyotangulia vyote. Mfano wake umerekodiwa kwengine: Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliyetengeneza filamu ya mapigano Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha za mfukoni, ameeleza kuwa utotoni hakuwa akienda sinema, bali kaka zake walimhadithia na kumwigizia walichokiona. Sanaa nzima ilizaliwa kutokana na filamu zilizosikiwa. Mtu wa Singida hatalishangaa hilo hata kidogo.

Ninja alikuja baadaye, na alikuja kwa mlango wa video. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri mpaka 1994. Katika pengo hilo liliingia deki. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa kwa fedha za mwenye kuagiza, na mwaka uliofuata Mzee Ali Hassan Mwinyi akashika urais na zama za ruksa zikaanza: mitumba, redio, deki na kanda zikamiminika. Palipokosekana umeme jenereta dogo lilitosha. Kibanda cha mabati au cha matete, mabenchi ya mbao, turubai la kuzuia mwanga, na mlangoni kijana anayepokea kiingilio: watu wakakiita kibanda umiza, na jina hilo limejieleza kwa yeyote aliyekalia ubao ule kwa saa mbili.

Ilikuwa ndiyo saa ya ninja duniani. Enter the Ninja ilitoka mwaka 1981, Revenge of the Ninja mwaka 1983, American Ninja mwaka 1985. Katika ile ya kwanza Mwitaliano Franco Nero anavaa nguo nyeupe na kumshinda Mjapani Sho Kosugi aliyevaa nyeusi. Lakini ni Kosugi aliyebaki katika macho ya watu, na katika filamu ya mwaka 1983 akafanywa stelingi. Historia ya Japani haina mengi ya kuziunga mkono filamu hizi. Wapelelezi wa Iga na Koga waliokuwepo kweli walijulikana zaidi kwa neno shinobi, na hawakuwa na sababu ya kutembea mchana katika vazi jeusi la kuwatambulisha. Inaelezwa mara kwa mara kuwa vazi hilo limetoka jukwaani, katika tamthilia za kabuki, ambako watumishi wanaobadilisha mapambo huvaa nyeusi na mtazamaji hukubali kuwa hawaonekani. Mchezo wa jukwaa ukageuka historia, historia ya uongo ikageuka filamu, na filamu ikafika njia panda ya Singida ikiwa kanda iliyonakiliwa mara ya tano, yenye mistari na rangi ya kijani.

Hapo inafaa kusimama kidogo, kwa sababu Singida haikuhitaji kufunzwa na mgeni hofu ya mtu aliyejificha. Katika miaka ya 1946 na 1947 wilaya hiyo ilikumbwa na mauaji ambayo serikali ya kikoloni iliyahusisha na watu waliojivika ngozi za simba. Watu walishitakiwa, wakahukumiwa, wakanyongwa. Maofisa waliandika ripoti, na jarida la Tanganyika Notes and Records likachapisha makala juu ya watu-simba na baadaye makala ya kuyahoji yaliyosemwa mwanzo. Hofu hiyo ilikusanywa kwa bidii kubwa: ina majalada, ina marejeo, ina wasomi wanaoisafiria kutoka mbali. Furaha ya watoto wa mkoa huo huo, waliojifunga shuka jeusi usoni miaka arobaini baadaye na kurukia marundo ya mabua ya mtama, haina jalada hata moja. Anayetaka kujua mkoa ulicheka nini hana pa kwenda ila kwenye sanduku la bati.

Je, sandukuni mna nini hasa? Silaha si nyingi. Watoto walitengeneza nanchaku zao wenyewe kwa vipande viwili vya mti na mnyororo wa baiskeli au kamba ya katani, na kifaa cha namna hiyo hakidumu: mwalimu hukinyang'anya, mama hukitia jikoni. Nyota za kurusha zilikatwa kwa bati la kopo. Vitu hivi, ambavyo mkusanyaji wa Ulaya angevitoa mwanzo, ndivyo vilivyopotea kabisa.

Karatasi zimedumu zaidi. Riwaya za upelelezi za Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya mwaka 1974, zilimpa msomaji wa Kiswahili mpelelezi Willy Gamba, anayejua bastola na kareti pia. Zilisafiri ndani ya mabasi na kukodishwa mkono kwa mkono mpaka kurasa zikalainika kama kitambaa. Si uzushi kusema kuwa Gamba ni ndugu wa Kiafrika wa wale wa Hong Kong. Kareti yenyewe ilikuwa imekwisha kupata walimu nchini; miaka ya 1970 Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alianza kufundisha mtindo wa Goju-ryu Dar es Salaam, na wanafunzi wa wanafunzi wake wakaupeleka mikoani.

Kuna na kitu ambacho hakuna aliyekihifadhi kwa sababu kilikuwa kila pahala. Mifuko ya plastiki ya sokoni iliitwa rambo, kwa jina la stelingi wa Kimarekani ambaye picha yake ilipigwa chapa juu yake. Vitunguu vya Singida vilibebwa ndani ya rambo kwa zaidi ya miaka ishirini. Zanzibar ilitangulia kuipiga marufuku mifuko ya plastiki. Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Mfuko wenye picha yenyewe sasa ni adimu kuliko bango la Hong Kong, ilhali neno lingali linatumika na watu ambao hawajapata kuiona filamu.

Lakini kilicho na thamani kubwa kuliko vyote katika sanduku ni kanda zenye sauti ya mtafsiri. Filamu za mapigano zilifika kwa Kichina au kwa Kiingereza kibovu kilichobandikwa juu ya midomo, na katika kibanda hakukuwa na anayekifuata. Ndipo alipohitajika mtu wa kuzisemesha kwa Kiswahili. Sanaa hiyo ilistawi Uganda kwa Kiganda, Kenya ikampata DJ Afro, na Tanzania ikampata Derek Mukandala, anayejulikana kwa jina la Lufufu, ambaye kanda zake zilinakiliwa Dar es Salaam na kusambazwa nchi nzima. Watafsiri wa vitabu hupenda kuwadharau watu hawa. Hawakufuata matini, ni kweli. Aghalabu hawakuijua lugha ya matini. Lakini walikuwa wakifanya kazi aliyoifanya msimuliaji wa tenzi mbele ya baraza: kumtaja shujaa kwa nasaba yake, kumcheka mwoga, kumwonya mtazamaji kabla adui hajatokea nyuma ya mlango, kumpa mzee wa hekalu la Shaolin methali aliyoisikia bibi yako. Mtawa wa Kichina alizungumza Kiswahili cha Kariakoo, na mtu wa Iramba aliyekizoea Kinyiramba nyumbani alijifunza mizaha ya mji wa pwani kutokana na mdomo wake. Kwa mpenda lugha hakuna hazina ya Kiswahili cha kusemwa cha miaka ile iliyo kubwa zaidi ya hii, na hakuna iliyo katika hatari zaidi.

Hatari yenyewe ni ya kimaumbile. Ukanda wa video ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa sumaku. Gundi inayoushika unga huo hufyonza unyevu, ikalainika, na mashine ikausugua unga ukatoka. Kisiwani mambo haya huenda mbio. Aliyehifadhi kanda Unguja au Pemba anajua doa jeupe la ukungu linalotambaa juu ya utepe, na kutu ya chumvi katika vichwa vya deki. Singida ina adui wengine, vumbi na mchwa na joto la bati, lakini hewa yake ni kavu kwa miezi mingi ya mwaka, na ukavu ni rafiki wa kanda na wa karatasi. Pwani ilizipokea filamu mwanzo na kuzipoteza mwanzo. Bara kavu, lililozipata mwisho, lina nafasi nzuri zaidi ya kuwa nazo mpaka leo. Mtafiti anayezunguka Darajani na Kariakoo kutafuta sauti za watafsiri wa miaka ya 1990 angefanya vyema kupanda basi la Singida.

Afanye haraka, lakini. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa ikitengeneza deki, iliacha kazi hiyo mwezi Julai 2016. Deki zilizobaki hutengenezwa kwa vipuri vya deki zilizokufa. Na vijana waliozipenda kanda hizi sasa ni wababu. Watoto wao walipata DVD zenye filamu ishirini katika sahani moja, wajukuu wana simu.

Yapo masalia mengine yasiyohitaji deki, nayo pwani inayavaa. Nikabu inayoacha macho tu wazi, ilipoenea Unguja na Mombasa, ilipewa majina mawili na watu wa mtaani: wengine waliiita kizoro, kwa yule mpanda farasi wa sinema aliyefunika uso, na wengine wakaiita ninja. Wapo waliochukizwa, kwa kuwa vazi la heshima limepewa jina la mchezo. Wapo wanawake wanaolitumia wenyewe bila ya kinyongo, dukani, wakiuliza bei ya ninja. Beki wa Kizanzibari Abdallah Shaibu aliyechezea Yanga alijulikana nchi nzima kwa jina hilo hilo. Kwengine neno lilipata damu: Kongo Brazzaville, katika vita vya miaka ya 1990, wapiganaji wa Bernard Kolélas walijiita Ninja, na wakazi wa mji ule hawalisikii neno hilo kama anavyolisikia muuza nguo wa Darajani.

Kanda ya video ina kijino kidogo cha plastiki upande wa mgongo. Kikivunjwa, deki haikubali kurekodi tena juu yake. Kikizibwa kwa kipande cha selotepu, inakubali. Kwa hivyo kanda nyingi za zama zile zina tabaka: chini ninja, juu yake harusi, au komunyo ya kwanza, au mazishi ya mzee, na mwishoni, sherehe inapokwisha, dakika chache za mapanga zinarudi bila ya salamu. Juu ya zile zilizosalimika mtu ameandika kwa kalamu ya wino, kwa herufi kubwa, jina la filamu kama alivyolisikia, na chini yake neno moja: USIFUTE.